Kupunguza Joto la Bati bila Kuharibu Hewa ya Nyumba: Mwongozo kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Mwenye kuishi chini ya bati Mtwara au Lindi hahitaji kuelezwa maana ya joto. Kuanzia Oktoba, upepo wa kusi unapokwisha nguvu na ule wa kaskazi haujashika vizuri, chumba kisicho na dari huwa hakikaliki tangu saa tano asubuhi, na hata usiku ukuta wa bloku huendelea kutoa joto ulilolinywa mchana kutwa. Wazee wetu waliezeka kwa makuti, ambayo ni mazito, yanapumua na hayapitishi joto kirahisi. Sisi tumehamia kwenye bati kwa sababu za msingi, kwani halishiki moto na halidai kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Ndiyo maana siku hizi familia nyingi za Shangani, Chuno, Magomeni, Mikindani na Lindi mjini zinaweka kihami joto, yaani tabaka la kuzuia joto la bati lisishuke vyumbani.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na majirani wanaotaka kuifanya kazi hiyo ni hili: je, kitu tunachokiweka juu ya vichwa vyetu hakitatuletea maradhi ya kifua? Ni swali la haki, na linastahili jibu la kina. Jibu langu ni kwamba hofu ya watu imeelekezwa mahali pasipo penyewe. Wengi wanaziogopa nyuzi za kioo, ilhali kwenye ukanda wetu wa pwani kinachoharibu hewa ya nyumba mara nyingi zaidi ni unyevu unaonaswa juu ya dari, na kosa hilo huanza siku ile ile ambayo fundi anapigilia ubao wa kwanza.

Tulivyokosea sisi

Tulianza na chumba cha mama mzazi, ambaye ana pumu ya miaka mingi. Ilikuwa Januari, fedha za korosho zilikuwa zimeingia, na tulitaka apumzike na joto haraka iwezekanavyo. Fundi alileta marobota ya sufi ya kioo, ile ya manjano ambayo mafundi huiita faibaglasi, akaisokomeza kati ya mbao za kenchi hadi ikagusa bati, kisha akafunga dari ya jipsamu kwa siku mbili. Joto lilipungua kweli. Mama alifurahi, na majirani wakaja kuona.

Ilipofika Machi alianza kubanwa kifua alfajiri. Kwenye kona ya dari, upande wa baharini, vilijitokeza vidoti vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, na chumba kikawa na harufu ya nguo iliyoanikwa ikalala bila kukauka. Tulipobandua ubao mmoja, sufi ilining'inia nzito kama dodoki lililotoka kwenye ndoo, misumari ilikuwa imeota kutu, na upande wa ndani wa bati ulikuwa umejaa matone. Nilipitisha kidole, maji yakanitiririkia hadi kwenye kiwiko. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku tatu.

Maji yale hayakuwa ya kuvuja. Usiku, anga likiwa wazi, bati hupoteza joto lake kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Hewa ya pwani imejaa mvuke wa maji, kwa hiyo inapoligusa bati hilo hutoa jasho, sawasawa na chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Bati lililo wazi hukauka jua linapopanda. Bati lililogandamizwa na sufi halikauki, na sufi yenyewe, ikishalowa, huacha kuzuia joto na kugeuka kuwa mazalio ya kuvu. Kuvu hizo hutoa mbegu ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo hupita kwenye nyufa za dari na kushuka chumbani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009, na ujumbe wake mkuu ni kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu na kuvu hupata zaidi dalili za njia ya hewa, pumu ikiwemo. Kwa mtu kama mama yangu, huo si ujumbe wa vitabuni.

Chagua majira kabla ya kuchagua bidhaa

Kwetu Kusini fedha na mvua hufika pamoja. Minada ya korosho huanza Oktoba, malipo yakafuata, na wakati mkulima anapokuwa na uwezo wa kumwita fundi, mvua za mwishoni mwa Novemba au Desemba zimeshagonga hodi. Matokeo yake ni kwamba dari nyingi hufungwa katika miezi mibaya kuliko yote: mbao zimelowa zikiwa kwa muuzaji, lipu ya ukuta bado mbichi, na bati halijajaribiwa kwa mvua kubwa. Unyevu wote huo hufungiwa humo humo.

Ushauri wangu ni kununua vifaa fedha zinapopatikana, kuvihifadhi mahali pakavu palipoinuliwa kutoka sakafuni, na kuifanya kazi yenyewe wakati wa kiangazi. Mvua iliyotangulia itakuwa imekwisha kukuonyesha bati linavuja wapi. Lakini kiangazi nacho kina jambo lake. Kati ya Mei au Juni na Agosti mikorosho hupuliziwa salfa, na kwa nyumba zilizo karibu na mashamba, unga wake husafirishwa na upepo wa kusi hadi kwenye mapengo ya paa na kutua juu ya dari. Salfa huwasha macho na njia ya hewa, na unga wake hushika moto. Kwa hiyo aliye Newala, Tandahimba, Masasi au Ruangwa, au pembezoni mwa mji, atafanya vyema kusubiri Septemba na Oktoba, salfa ikiwa imekwisha na mvua haijaanza. Mifuko ya salfa isihifadhiwe kamwe juu ya dari wala ndani ya chumba cha kulala, hata kama wezi wanasumbua.

Kama ukuta umepigwa lipu karibuni, usimwamini anayekuambia umekauka kwa kuutazama tu. Kata kipande cha nailoni angavu cha ukubwa wa sinia, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne na ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone au ukungu upande wa ndani wa nailoni, ukuta bado unatoa maji. Subiri.

Panda darini kwanza

Kabla ya kununua chochote, panda mwenyewe au mpandishe mtu unayemwamini, akiwa na tochi, saa za asubuhi kabla jua halijakolea. Atafute mambo matatu.

La kwanza ni mahali bati linapovuja. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula vichwa vya misumari kabla haijala bati lenyewe. Utaona alama za kahawia kwenye mbao, na ukiizima tochi utaona nukta za mwanga. Badilisha misumari na mipira yake, ziba kofia ya paa, kisha subiri mvua moja au umwagie maji kwa mpira. Kihami joto juu ya bati linalovuja ni fedha iliyotupwa na ugonjwa ulionunuliwa. Kitu chochote cha ndani kilicholowa, iwe ubao au sufi, kinapaswa kukauka ndani ya siku moja au mbili. Zaidi ya hapo kuvu huanza kujikita.

La pili ni popo na panya. Nyumba nyingi za pwani, hasa zile kongwe za Mikindani na Lindi, zina popo juu ya dari, na kinyesi chao hukaa humo miaka kwa miaka. Mavumbi ya kinyesi hicho yanaweza kubeba mbegu za fangasi anayeitwa histoplasma, ambaye akivutwa hushambulia mapafu na kuleta homa na kikohozi vinavyoweza kudhaniwa kuwa kifua kikuu. Usifagie kikavu. Nyunyizia maji yenye sabuni hadi kila kitu kilowe, vaa barakoa nzito ya aina ya N95 au FFP2, glavu na nguo za mikono mirefu, kisha kusanya kwa koleo dogo na kufunga kwenye mifuko miwili. Barakoa za kitambaa hazizuii vumbi hilo. Hakikisha pia kwamba popo wametoka wote kabla ya kuziba mapengo, na kwamba hakuna vichanga vilivyobaki ndani, kwa sababu vikifia humo harufu yake haitatoka kwa wiki nyingi.

La tatu ni zito zaidi, nalo ni asbesto. Majengo ya miaka ya nyuma, hasa nyumba za watumishi na majengo ya taasisi, mengine yameezekwa kwa mabati mazito ya kijivu yaliyotengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto, na baadhi yana dari za aina hiyo hiyo. Nyuzi hizo zikivutwa hubaki kwenye mapafu, na saratani inayosababishwa nazo inaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au 40. Hapa sina jibu la kati. Usikate, usitoboe, usipige brashi, usisugue kuvu wala usipasue bati hilo kwa ajili ya kujengea banda la kuku. Likiwa zima na halijaguswa, hatari yake ni ndogo. Hatari huja linapovunjwa. Kama unataka kupunguza joto chini ya paa la namna hiyo, jenga dari inayojitegemea kwenye kuta bila kupigilia hata msumari mmoja kwenye asbesto. Kama limevunjika au unataka kuliondoa, anza na afisa afya wa halmashauri na ofisi ya NEMC, chombo cha serikali kinachosimamia mazingira, kabla ya kumwita fundi yeyote.

Vihami joto, kimoja kimoja

Joto la bati linalotuunguza mchana hushuka zaidi kwa mionzi, kama lile la makaa unayosogezea mkono bila kuyagusa. Bati lililopigwa na jua la adhuhuri hupita nyuzi 60 za sentigredi, nalo humulika joto hilo kwenye dari. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza haihusu kuweka kitu ndani hata kidogo: paka bati rangi nyeupe kwa nje. Bati jeupe lililo safi hurudisha angani sehemu kubwa ya jua, na halina nyuzi, harufu wala vumbi la kuingia chumbani. Ninashangaa jinsi jambo hili rahisi linavyopuuzwa na watu wanaochagua bati la rangi ya damu ya mzee kwa sababu linapendeza.

Baada ya hapo ninaipa nafasi ya kwanza karatasi ya alumini, ile inayouzwa kwa mizingo, ikiwa tupu au ikiwa na mapovu ya plastiki katikati. Haitoi nyuzi, haihifadhi maji, na kwa paa la bati inafanya kazi barabara, kwa sharti kwamba iwe na nafasi ya hewa ya angalau milimita 25, yaani inchi moja, upande wake unaong'aa. Ikigandamizwa kati ya bati na ubao bila nafasi, ni sawa na kutoweka kitu. Upande unaong'aa utazame chini, kwa sababu ukitazama juu utafunikwa na vumbi na chumvi, na ndani ya miaka michache utakuwa umefifia.

Sufi ya kioo na sufi ya mawe ndizo zinazoogopwa zaidi. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliziweka miongoni mwa vitu vinavyoweza kuwa chanzo cha saratani. Mwaka 2001, baada ya kupitia ushahidi wa wafanyakazi wa viwandani, liliziondoa hapo na kuziweka katika kundi la vitu ambavyo ushahidi hautoshi kusema vinasababisha saratani kwa binadamu. Uamuzi huo unahusu sufi za kawaida za majengo. Zisichanganywe na asbesto, na wala zisichanganywe na nyuzi za kauri zinazotumika kwenye matanuri ya viwandani, ambazo zilibaki kwenye orodha ya mashaka. Pamoja na hayo, sufi ya kioo huwasha ngozi, macho na koo, kwa hiyo inapaswa kuwekwa na mtu aliyejikinga na kufunikwa kabisa na dari isiyo na nyufa. Nikishauriwa kuinunua, ninachagua ile yenye karatasi ya alumini upande mmoja, na ninasoma lebo kuona kama gundi yake imetengenezwa bila formaldehaidi.

Formaldehaidi inastahili maelezo, kwani imo pia kwenye gundi za plaiwudi, hadibodi na mbao za kubandika. Ni gesi yenye harufu kali inayochoma macho, na tangu 2004 shirika hilo hilo la saratani limeiweka katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa hewa ya ndani ni miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo kwa nusu saa. Kanada ilipiga marufuku mwaka 1980 povu la kuta lililotengenezwa kwa kemikali hiyo, baada ya wakazi kulalamikia macho na vifua. Kwetu jambo la kukumbuka ni kwamba joto na unyevu huongeza kasi ya gesi hiyo kutoka kwenye ubao, na sisi tuna vyote viwili kwa wingi. Dari ya plaiwudi ambayo haitoi harufu dukani wakati wa Julai inaweza kutoa harufu chumbani Februari. Jipsamu ni bora zaidi kwa hilo, mradi isilowe.

Maboksi meupe ya polistairini, yale ya kufungia televisheni, siku hizi hutengenezwa kuwa vipande vya dari vyenye maua na kubandikwa kwa gundi. Yakiwa yametulia hayatoi vumbi la maana. Yakishika moto ni balaa, kwani hudondosha matone yanayowaka na kutoa moshi mweusi mzito wenye kaboni monoksaidi. Ningependa sana watu wayaondoe jikoni na kwenye chumba chenye mshumaa, koroboi au udi. Anayeyatumia kama kihami joto juu ya dari ayafunike kwa jipsamu ya milimita 12 hivi.

Povu la kupulizia, linalochanganywa papo hapo na kuumuka kama andazi, silipendekezi kwa nyumba ya mtu wa kawaida. Kemikali zake, ziitwazo aisosianeti, zinaweza kumtia pumu mtu ambaye hajawahi kuwa nayo, na aliyekwisha kudhurika huweza kubanwa tena kwa kiasi kidogo sana. Likiwekwa, watu wote watoke nyumbani kwa muda usiopungua saa 24 na zaidi kama mtengenezaji anavyoelekeza. Mwenye pumu, mjamzito na watoto wachanga wakalale kwa ndugu siku kadhaa.

Na vitu vyetu vya asili? Pumba za mpunga, makumbi ya nazi na sufi ya mti wa msufi vyote huzuia joto, na vinapatikana bila gharama kubwa. Lakini hunywa unyevu, huvutia panya na mchwa, na hushika moto. Vikiwa vikavu kabisa, vimefungwa kwenye mifuko na kukaguliwa kila mwaka, vinaweza kufaa nyumba ya Nachingwea iliyo mbali na bahari. Kwa nyumba ya Shangani nisingevikubali.

Siku ya kazi

Zima umeme kwenye swichi kuu kabla mtu hajapanda, na si taa ya chumba peke yake. Mwaka 2009 serikali ya Australia ilianzisha mpango wa kuweka vihami joto katika dari za nyumba nyingi kwa haraka. Vijana wanne waliokuwa wakiifanya kazi hiyo walifariki, watatu kwa kupigwa na umeme na mmoja kwa kuzidiwa na joto la darini, na mpango ukasitishwa Februari 2010. Karatasi ya alumini hupitisha umeme, na pini ya chuma iliyopigiliwa kwenye waya uliofichika huifanya karatasi yote iwe na umeme. Nyaya za nyumba zetu nyingi hupita juu ya dari bila bomba. Kwa hiyo fungia karatasi hiyo kwa vifungio vya plastiki au vipande vya ubao mwembamba, na fundi umeme azipitie nyaya kabla. Kuhusu joto, fundi aanze saa kumi na mbili asubuhi na ashuke kabla ya saa nne, awe na maji ya kunywa, na asiwe peke yake huko juu.

Karatasi ifungwe chini ya mbao za kenchi ikifuata mteremko wa paa, ili jasho la bati lidondokee juu yake na kuteremka hadi nje ya ukuta badala ya kudondokea dari. Juu kabisa, kwenye kilele, acha upenyo wa sentimita chache ili hewa ya moto ipande na kutokea kwenye matundu ya pembeni. Matundu hayo ndiyo moyo wa kazi yote. Kila upande wa paa uwe na tundu la hewa, lililozibwa kwa wavu wa chuma wenye macho madogo ya kuzuia popo, panya na mbu, nalo lipate pumzi kutoka kwenye upenu pia. Mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia mapengo kati ya ukuta na paa, kwa hiyo wavu huo unafanya kazi mbili. Fundi akikuambia, "Mwalimu, tukiziba kote ndipo pataleta ubaridi," mshukuru kwa heshima na umwombe asizibe.

Anayeweka sufi ya kioo avae miwani ya kazi, barakoa, glavu na nguo ndefu, asiichane wala kuikung'uta ndani ya vyumba, na vitanda viondolewe au vifunikwe kwa nailoni. Sufi ilale juu ya dari na isiguse bati. Iachwe mbali na taa zilizozamishwa ndani ya dari kwa takriban sentimita 8, kwani taa hizo hupata moto, na matundu yake ni njia ya vumbi kushuka. Baada ya kazi fundi aoge kwa maji baridi kwanza, na nguo zake zifuliwe peke yake. Chumba kipigwe deki kwa kitambaa kilicholowa. Ufagio wa chelewa hurusha nyuzi upya.

Hewa ya vyumbani baada ya dari kufungwa

Nyumba isiyo na dari huvuja hewa kila mahali, na uvujaji huo umetusitiri na mengi bila sisi kujua. Dari ikishafungwa, moshi uliokuwa ukipanda na kupotea hubaki puani. Jiko la mkaa lililokuwa likiwashwa koridoni halifai tena kuwashwa hapo. Huko Newala na vijiji vya juu ya uwanda wa Makonde, miezi ya Juni na Julai watu huingiza jiko chumbani kwa ajili ya baridi, wakidhani mkaa usiotoa moshi hauna dhara. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, hushika damu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi, na mtu aliyelala hupitiliza bila kuamka. Tangu siku dari inapofungwa, jiko la mkaa na jenereta vikae nje, na nje maana yake si barazani chini ya dirisha.

Baada ya kupaka rangi na vanishi, fungua madirisha mchana kutwa kwa wiki mbili hivi kabla ya mtu kulala humo, na mtoto mchanga apewe muda mrefu zaidi. Kila chumba kiwe na matundu kwenye kuta mbili, moja likipokea upepo na jingine likiutoa. Wavu wa mbu hupunguza upepo, hivyo dirisha lenye wavu liwe kubwa kuliko unavyodhani linatosha. Nguo zisianikwe ndani wakati wa masika. Ukiweza, nunua kipima unyevu kidogo cha kutundika ukutani. Unyevu wa chumba ukikaa chini ya asilimia 60 ni vizuri. Kwetu pwani ni vigumu kufika hapo wakati wa mvua, lakini ukiona asilimia 80 kwa siku nyingi mfululizo, kuvu zipo njiani.

Ikiwa mtu wa nyumbani anakohoa, anabanwa kifua, anawashwa macho au anaumwa kichwa, andika kwenye daftari kwa wiki mbili: saa dalili zinapoanza, chumba alichokuwa, na hali yake akienda shamba au kwa ndugu. Dalili zinazopungua akiwa mbali na kurudi usiku wa kwanza akiwa nyumbani zinaelekeza kidole kwenye nyumba. Daftari hilo mpelekee daktari, kwenye hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi) au zahanati iliyo karibu, na kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu bila kujali unachokishuku darini. Mama yangu aliendelea na dawa zake kama alivyoandikiwa; tulichokifanya sisi ni kutoa sufi yote iliyolowa, kuacha mbao zikauke kwa wiki sita, kuweka karatasi ya alumini na kufungua matundu mawili. Kubanwa kwa alfajiri kulipungua. Sidai kwamba pumu imekwisha.

Mwisho, mwambie fundi aache mlango mdogo wa dari, sentimita 60 kwa 60, wenye kifuniko kinachobana, nao uwe koridoni na si chumba cha kulala. Dari isiyo na mlango haikaguliwi. Kwetu mlango huo uko nje ya chumba cha mama, na ngazi inakaa nyuma ya mlango wa jikoni. Kila mwaka, asubuhi inayofuata mvua kubwa ya kwanza, mjukuu wake mkubwa hupanda na tochi kabla jua halijachomoza na kupitisha kiganja juu ya karatasi, kuanzia kilele hadi ukutani, akitaja kwa sauti palipo pakavu na palipo na maji. Mimi hushika ngazi, na mama huuliza kutoka kitandani kama ile kona ya upande wa baharini imeshafikiwa.